Mafuta ya papa, sabuni na ganda la mti: kilichomo kwenye chanjo hupimwaje?

Wifi yangu anaishi Kisumu. Majuzi alinitumia ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye kundi la wazazi. Sauti ni ya mwanamume, tulivu kama ya msomaji wa taarifa ya habari, na anasema chanjo ya malaria wanayochomwa watoto ina vitu vitatu ambavyo wakubwa hawataki vijulikane: mafuta ya ini la papa, sabuni, na ganda la mti kutoka Amerika Kusini. Chini yake wifi akaandika: "Wifi, mtoto anasubiri dozi ya nne akitimiza miezi 24. Haya ni kweli?"

Nilitaka kumjibu "uongo mtupu" niendelee na shughuli zangu. Shida ni kwamba si uongo mtupu. Ganda la mti limo. Sabuni nayo imo, ukilichukua neno hilo kwa upana wake. Mafuta ya papa hayamo kwenye chanjo hiyo, ila yamo kwenye chanjo nyingine zinazotumika duniani, na kulikuwa na toleo la awali la chanjo hii hii ya malaria lililokuwa na mafuta ya aina hiyo, likajaribiwa Bagamoyo. Mtunzi wa ujumbe aliokota vipande vya kweli, akavipanga, kisha akaacha nje kitu kimoja tu: kiasi. Na kiasi ndicho kinachowakesha watu wa maabara.

Tuanze na maneno mawili. Antijeni ni kile kipande cha mdudu, au mfano wake, ambacho chanjo inautambulisha mwili. Ni picha ya mwizi anayoonyeshwa mlinzi wa geti. Lakini picha peke yake, hasa ikiwa ni kipande kidogo kilichosafishwa sana, mlinzi anaweza kuitazama kwa jicho moja na kuendelea kusinzia. Adjuvanti ni ukunga, yaani yowe la hatari, unaopigwa wakati picha inaonyeshwa. Yenyewe haimfundishi mlinzi sura ya mwizi, ila inamfanya asimame, aite wenzake, na aikariri ile sura.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati kwenye mazizi ya farasi. Miaka ya 1920, daktari wa mifugo wa Ufaransa, Gaston Ramon, aliona kwamba farasi waliovimba mahali pa sindano walitoa kingamwili, yaani silaha za damu dhidi ya vijidudu, nyingi kuliko wenzao. Akaanza kuchanganya chanjo na vitu vya jikoni vya kuamsha uvimbe, vikiwemo makombo ya mkate na tapioka, ambayo ni wanga wa muhogo wetu huu huu. Mwaka 1926 Mwingereza Alexander Glenny na wenzake wakaonyesha kuwa chumvi za alumini zinafanya kazi hiyo vizuri. Alumini ndiyo adjuvanti iliyotumika zaidi tangu hapo, na mpaka leo imo kwenye chanjo ya pepopunda, ya pentavalenti na ya HPV zinazotolewa kwenye kliniki zetu.

Baada ya alumini yakaja mafuta, na hapa ndipo inapoingia emalsheni.

Aliyewahi kukuna nazi anaijua emalsheni hata kama hajawahi kulisikia neno. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa matone madogo mno, na weupe wake unatokana na mwanga kugongana na matone hayo. Yanayoyazuia matone yasiungane ni protini za nazi zinazoyazunguka. Ukiacha tui lichemke kwa fujo bila kukoroga, linakatika: mafuta yanajitenga juu, maji yanabaki chini. Vitu ni vile vile na kiasi ni kile kile, lakini mchuzi umeharibika. Naomba msomaji aushike mfano huu, maana nusu ya kazi ya maabara ni kuhakikisha kwamba tui halijakatika.

Kwenye chanjo, mafuta yanayotumika zaidi huitwa skwaleni. Yalitambuliwa mwaka 1906 na mkemia wa Japani, Mitsumaru Tsujimoto, katika mafuta ya ini la papa, na jina lenyewe linatokana na Squalus, jina la kisayansi la jamii fulani ya papa. Watu wa pwani hatuna sababu ya kushtuka kusikia mafuta ya ini la papa. Wazee wetu waliyaita sifa na waliyapaka majahazi ili mbao zisioze. Ila skwaleni haipatikani kwa papa tu. Imo kwenye mafuta ya mzeituni, na sasa inatengenezwa pia kwa kutumia hamira iliyolishwa sukari ya miwa. Imo hata mwilini mwako: ini huitengeneza likiwa njiani kutengeneza kolesteroli, na yale mafuta yanayong'aa usoni mchana wa jua kali yana skwaleni kwa zaidi ya asilimia kumi.

Adjuvanti ya kwanza ya emalsheni ya skwaleni kukubaliwa kwa matumizi ya watu inaitwa MF59. Ilianza kutumika Italia mwaka 1997, ndani ya chanjo ya mafua kwa wazee. Dozi moja ya nusu mililita ina miligramu 9.75 za skwaleni, pamoja na miligramu 1.175 za polisobeti 80 na kiasi hicho hicho cha kitu kingine cha jamii yake. Hivi viwili ndivyo vinavyofanya kazi ya zile protini za nazi: vinayashika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine. Sabuni ya kuoshea vyombo hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na ndiyo asili ya tuhuma ya sabuni. Polisobeti 80 hiyo hiyo hutiwa kwenye aiskrimu. Adjuvanti nyingine, AS03, ina miligramu 10.69 za skwaleni na miligramu 11.86 za tokoferoli, yaani vitamini E.

Watetezi wa chanjo hupenda kusema kwamba kijiko cha mafuta ya mzeituni kina skwaleni nyingi kuliko dozi ya chanjo. Kwa kawaida ni kweli, lakini mimi hoja hiyo siipendi. Kula na kuchomwa sindano ni mambo mawili, na mama anayeuliza swali la maana hastahili kujibiwa kwa ujanja wa maneno. Jibu zuri zaidi ni kumweleza jinsi hizo miligramu 9.75 zinavyojulikana kuwa ni 9.75.

Kabla ya huko, turudi Bagamoyo kidogo, maana hapo ndipo inapoonekana wazi kuwa adjuvanti si kitoweo cha pembeni. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo lililofanyika Marekani kwa watu wazima waliokubali kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria baada ya kuchanjwa. Wote walipewa antijeni moja, RTS,S, ambayo ndiyo ya chanjo hii ya malaria. Kilichotofautiana ni adjuvanti. Waliopata yenye alumini, alikingwa 1 kati ya 8. Waliopata emalsheni ya mafuta, 2 kati ya 7. Waliopata emalsheni iliyoongezwa vitu viwili vya kuamsha kinga, MPL na QS-21, walikingwa 6 kati ya 7. Picha ya mwizi ni ile ile, ukunga ndio uliobadilika.

Emalsheni hiyo ya mwisho, iliyopewa jina AS02, ndiyo iliyofika Bagamoyo ikajaribiwa kwa watoto wachanga. Wakati huo huo huko Kilifi na Korogwe watoto wa miezi 5 hadi 17 walipewa RTS,S yenye adjuvanti tofauti, AS01, ambayo ina MPL na QS-21 ile ile lakini haina tone la mafuta. Badala yake ina liposomu. Tone la emalsheni limejaa mafuta mpaka ndani. Liposomu ni puto lenye ngozi nyembamba ya mafuta na maji tumboni. Majaribio yote mawili yalichapishwa mwaka 2008. Njia iliyoendelea ni ile ya liposomu, na ndiyo iliyofika Homa Bay mwaka 2019 Kenya ilipoanza kuitoa chanjo hiyo. Kwa hiyo aliyetunga ule ujumbe anamsingizia mtoto wa wifi mafuta yaliyoachwa njiani.

Sasa tupime.

Ugumu wa kwanza ni kwamba emalsheni haipimiki ikiwa katika hali yake. Huwezi kutia tui kwenye mashine ukauliza lina mafuta kiasi gani, maana matone yanazuia mwanga na kila kitu kimejificha ndani ya kingine. Mpimaji analazimika kulikata tui kwa makusudi. Anachukua kiasi kidogo alichokipima kwa uangalifu, anakitia kwenye kiyeyusho kama vile pombe ya isopropili, na matone yanavunjika mpaka mafuta, polisobeti na vitamini vyote vinaelea huru kwenye kimiminika kisicho na ukungu.

Kisha kimiminika hicho kinasukumwa kwa nguvu kubwa kupitia bomba jembamba lililojazwa chembe laini zinazopenda mafuta. Hii ndiyo kromatografia ya kimiminika. Chukua watu mia wanaoingia Kariakoo kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja. Asiye na haja na nguo anapita moja kwa moja na kutokea upande wa pili kwa dakika tano. Anayependa vitenge anasimama kila duka, anatoka baada ya saa nzima. Kwenye bomba, skwaleni ndiyo mpenda vitenge: inaganda kwenye kila chembe na hutoka kwa kuchelewa. Kila kitu kina muda wake wa kutoka, na mashine inachora mlima kwenye karatasi kila kinapotokea kitu. Mlima unavyokuwa mpana na mrefu ndivyo kilivyo kingi.

Lakini lazima awepo mtu mlangoni wa kuwaona wanaotoka. Kawaida mlinzi huyo ni mwanga wa urujuani-mno: kitu kikipita, kinaumeza mwanga, kivuli kinaonekana. Vitamini E huumeza vizuri. Skwaleni huumeza kwa shida, na mafuta mengi yanayotengeneza liposomu karibu hayaumezi kabisa. Yanapita kama mzimu. Ndiyo maana maabara nyingi hutumia njia nyingine: kimiminika kinapulizwa kuwa ukungu, kiyeyusho kinakaushwa hewani, na kinachobaki ni vijipande vidogo vya kitu chenyewe vikielea. Vijipande vinatiwa chaji ya umeme, na mashine inapima chaji iliyofika. Haijali rangi wala mwanga. Chochote kisichokauka kinaonekana.

Ukubwa wa mlima haukwambii miligramu mpaka uwe na mawe ya mizani. Mpimaji hutengeneza myeyusho wa skwaleni safi wa viwango anavyovijua, vitano au sita, kutoka hafifu hadi mzito, anavipitisha kwenye mashine ile ile na kuchora mstari. Sampuli ya chanjo inasomwa kwenye mstari huo. Halafu anajitega mwenyewe: anachukua sampuli, anaiongezea kiasi anachokijua, anapima tena. Alichoongeza lazima kirudi chote kwenye hesabu. Kisiporudi, kuna mahali kinapotelea, labda tui halikukatika vizuri, au mafuta yameganda kwenye chupa. Ni kama kumjaribu muuza sukari kwa kumpa kilo uliyoipima nyumbani aipime mbele yako.

Hapo umejua kiasi. Bado hujajua kama tui ni tui.

Matone ya MF59 yana upana wa nanomita 160 hivi. Nywele moja ya kichwani ingepangiwa matone mia kadhaa kwa upana wake. Hakuna darubini ya kawaida inayoyaona vizuri, kwa hiyo hupimwa kwa mwendo wao. Umewahi kukaa kwenye nyumba ya bati lenye tundu la msumari, mwale wa jua ukaingia, ukaona vumbi likicheza? Matone nayo hayatulii, yanasukumwa na maji kila upande, na madogo hucheza haraka kuliko makubwa. Mashine inaelekeza leza, inatazama mwanga unavyometameta, na kutokana na kasi ya kumetameta inakokotoa ukubwa. Kwa miligramu 9.75, hesabu ya haraka inanipa matone kama trilioni tano katika dozi moja.

Ukubwa huo una sababu nyingine ya kawaida kabisa. Emalsheni huondolewa vijidudu kwa kuchujwa kwenye chujio la matundu ya nanomita 220, na matone yakianza kuungana na kunenepa, chujio linaziba. Kwa hiyo ukubwa wa tone hupimwa kiwandani na hurudiwa tena na tena kadiri chupa zinavyokaa kwenye friji. Skwaleni nayo ina udhaifu wake: huchakaa ikikutana na oksijeni, kama mafuta ya alizeti yaliyosahaulika dirishani mpaka yakaanza kunuka. Hutunzwa chini ya naitrojeni, na kuchakaa huko kuna kipimo chake.

Tofauti kati ya kuwamo na kuwamo kwa kiasi ilileta balaa kubwa Marekani. Baada ya Vita vya Ghuba vya 1991, maelfu ya wanajeshi walirudi wakiwa wagonjwa kwa dalili zisizoeleweka, na ikadaiwa kwamba chanjo ya kimeta waliyochomwa ilitiwa skwaleni kwa siri. Maabara ya serikali ilipopima chupa, katika baadhi ya matoleo ilikuta skwaleni kweli: makumi ya sehemu katika bilioni. Hilo ni sawa na tone moja la maji ndani ya tangi la lita 1,000. Ikilinganishwa na chanjo yenye MF59, ni pungufu kwa zaidi ya mara 200,000. Na hata hilo tone halikuhitaji njama. Kumbuka skwaleni iko kwenye ngozi yako. Alama ya kidole cha mpimaji kwenye kifaa inatosha kuleta kiasi kama hicho. Mashine ikiwa kali vya kutosha, inampima mpimaji mwenyewe. Baadaye ikaonekana pia kwamba watu wengi wazima wana kingamwili dhidi ya skwaleni, wawe wamechanjwa au la.

Sisi tuna kisa chetu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda ina homoni ya mimba. Mengi yalisemwa kila upande, lakini kwenye tamko la WHO na UNICEF kulikuwa na jambo moja ambalo halikupewa uzito uliostahili: kipimo cha homoni kwenye chanjo kinataka maabara inayofaa na sampuli ya chanjo yenyewe kutoka kwenye kifurushi ambacho hakijafunguliwa, si sampuli ya damu. Chanjo ya pepopunda ina chembe za alumini na vihifadhi. Kipimo kilichoundwa kwa ajili ya damu au mkojo kikitiwa mchanganyiko huo kinaweza kutoa namba, na namba hiyo isiwe na maana yoyote. Mizani ya kupimia nyama haipimi dhahabu, hata kama mshale unasogea.

Nisije nikaonekana natetea kila kitu chenye mafuta. Mwaka 2009, wakati wa mlipuko wa mafua ya H1N1, chanjo ya Pandemrix yenye AS03 ilitumika Ulaya, na baadaye Finland na Sweden zikaona ongezeko la ugonjwa wa kusinzia ghafla kwa watoto na vijana waliochanjwa. Ongezeko hilo ni la kweli na limeandikwa. Watu wengi waliinyooshea kidole emalsheni. Lakini Canada ilitumia chanjo yenye AS03 ile ile, iliyotengenezwa kwenye kiwanda kingine, na haikuona ongezeko kama lile. Kama kosa lingekuwa la mafuta peke yake, Canada isingepona. Kutokana na hilo watafiti waligeukia antijeni na virusi vyenyewe.

Wifi alisoma maelezo yangu yote, yakiwa marefu kama haya, akarudi na swali moja: "Sasa hilo ganda la mti?"

Limo, wifi. Mti unaitwa Quillaja saponaria, unaota Chile, na wenyeji wa huko waliutumia ganda lake kufulia kwa sababu linatoa povu. Kitu kinachotolewa humo ni ile QS-21. Hata jina lake limetoka maabara: wanasayansi walipitisha dondoo la ganda kwenye kromatografia, vitu vikatoka kimoja kimoja, na walichokuwa wakikitafuta kikawa cha 21. Kwenye dozi ya mtoto wako imo mikrogramu 25. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa mikrogramu 60 hivi.

Kiasi hicho kikiachwa huru, QS-21 ina tabia ya kupasua ngozi za chembe nyekundu za damu, kama sabuni inavyolivunja tone la mafuta. Ndiyo maana ile ngozi ya liposomu imetiwa kolesteroli: inaikamata na kuituliza. Kwa hiyo kwenye chanjo hii haitoshi kupima iko kiasi gani, inapimwa pia kama kuna iliyobaki huru. Moja ya njia ni ya macho tu: unatia sampuli kwenye chembe nyekundu za damu ndani ya kijichupa na kuangalia kama zinapasuka na kuyapaka maji rangi nyekundu.

Nikamwambia akienda kliniki amwangalie muuguzi mikono. Atamwona ameshika vichupa viwili vilivyobanwa pamoja, kimoja cha unga na kimoja cha kimiminika chenye ukungu kidogo. Unga ndio picha ya mwizi. Ukungu ndio ukunga. Kama anataka kuuliza jambo la maana, aulize friji ya kituo ilikuwa nyuzi ngapi usiku wa kuamkia leo, kwa sababu inatakiwa kukaa kati ya 2 na 8, na chanjo hii ikigandishwa ni ya kutupwa.

Akanijibu kesho yake kwa ujumbe wa sauti, huku nyuma mtoto analia. Muuguzi alicheka kwanza, kisha akafungua daftari la friji akamwonyesha: nyuzi 4 asubuhi, 5 jioni.